E1 mbili, megabiti nne: kisa cha ofisi moja ya Kigoma

Ofisi yenyewe ni ya taasisi ya fedha. Ina tawi kubwa Kigoma mjini na vituo viwili vidogo, Kasulu na Uvinza, ambavyo mawasiliano yake yote hupitia kwanza tawi la mjini. Makao makuu yako Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Kigoma na Dar ziliunganishwa na laini mbili za kukodi za aina ya E1, laini za dijitali za mfumo wa zamani wa simu. Ya kwanza ilibeba simu: iliunganisha swichibodi ya Kigoma na ya makao makuu, kwa hiyo mtu wa mikopo wa Kasulu alibonyeza namba nne tu akampata mkaguzi wa Dar, bila kupitia 022, msimbo wa simu wa Dar, wala kulipia dakika. Ya pili ilibeba data: mfumo wa kaunta, barua pepe, na bakapu ya usiku, yaani nakala ya akiba ya mafaili.

Mtoa huduma akaandika barua kwamba mitambo ya E1 inaondolewa na wateja wanahamishiwa kwenye faiba, kwa huduma ya Etheneti, mfumo wa mitandao ya kompyuta. Mteja achague kasi anayotaka. Ofisa ununuzi akafungua mkataba wa zamani, akasoma "2 Mbps" (megabiti 2 kwa sekunde) mbele ya kila laini, akajumlisha, akaagiza Mbps 4. Bei ikawa nafuu kuliko ya awali. Hakuna aliyehoji, na sioni kwa nini angehoji, maana karibu kila mtu ninayemfahamu katika kazi hii angejumlisha vivyo hivyo.

Jumatatu ya kwanza baada ya kuhama, simu zikaharibika. Sauti ya mtu wa Dar ilifika Kigoma vipande vipande, silabi zinamezwa, mara kimya, mara maneno matatu kwa mkupuo. Hali ilikuwa hivyo tangu ofisi ilipofunguliwa saa 2 asubuhi hadi kukaribia saa 4, kisha ikatulia yenyewe. Jumanne ilikuwa afadhali. Jumatatu iliyofuata, yaleyale. Mtoa huduma alikuja na kipimo chake, akachomoa kebo ya ruta ya ofisi, kifaa kinachopitisha data kati ya ofisi na laini, akapima laini, akatoa karatasi: Mbps 4 kwenda, Mbps 4 kurudi, hakuna pakiti iliyopotea. Taasisi ikasema imepunjwa. Mtoa huduma akasema ametoa alichouza. Mimi niliitwa nikiwa mtu wa tatu asiye na upande, nikapewa mikataba yote miwili na kumbukumbu za swichibodi.

"Fundi," mama mhasibu aliniambia kabla sijakaa vizuri, "tulikuwa na mbili na mbili. Tumenunua nne. Sasa kilichopungua ni nini?"

"Mama, kwanza tuone zile mbili zilikuwa mbili gani."

Kilichokuwa ndani ya ile "2 Mbps"

E1 ilibuniwa kwa ajili ya simu, na tarakimu zake zote zinaanzia kwenye koo la mwanadamu. Sauti ya simu ya kawaida huchukuliwa kati ya hezi 300 na 3,400. Ili isipotee inapogeuzwa kuwa tarakimu, hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha: biti 64,000 kwa sekunde, yaani kbps 64. Hicho ndicho kipande cha msingi cha simu za dijitali duniani kote, na hakijabadilika.

E1 hukusanya vipande hivyo 32 kwenye laini moja. 32 mara 64 ni 2,048, ndiyo Mbps 2.048, ambayo mikataba huikata na kuiita 2. Lakini si vipande vyote 32 ni vya mteja. Kipande namba 0 hutumika kuzilinganisha saa za mitambo ya pande mbili, ijulikane fremu, yaani mzunguko mmoja wa vipande vyote 32, inaanzia wapi. Kipande namba 16, laini ikibeba simu, huchukua taarifa za kupiga na kupokea: nani anampigia nani, simu imeinuliwa, simu imekatwa. Vinabaki 30, na ndiyo maana E1 huuzwa kama "laini ya simu 30". Ikibeba data tupu, kipande namba 16 nacho huachiwa mteja, navyo vinakuwa 31.

Kwa hiyo "2 Mbps" ya mkataba ule ilikuwa na sura tatu. Laini yenyewe ilipiga 2.048. Laini ya data ilimpa mteja 1.984. Laini ya simu ilimpa 1.920, tena si kama rundo moja la kugawana, bali kama vipande 30 vilivyotengana, kila simu na chake.

Hapo kwenye kutengana ndipo nilipotaka mama mhasibu anisikilize zaidi. E1 ni kama behewa la viti 32 kwenye treni ya kwenda Dar, viti viwili vya wahudumu na 30 vya abiria wenye tiketi zenye namba. Abiria wa kiti cha 7 asipotokea, kiti kinasafiri kitupu mpaka mwisho wa safari. Hakuna anayehamishiwa hapo. Ni ubadhirifu. Lakini mwenye tiketi hata akipanda Uvinza, hakuti mtu amekalia kiti chake.

Etheneti haina viti. Kila kinachotaka kusafiri hufungwa pakiti, pakiti hukaa foleni, na njia nzima ni ya aliye mbele. Ukiwa peke yako unapata yote. Mkiwa wengi, mnapanga foleni.

Simu 30 zikifungwa pakiti

Hesabu ya kwanza niliyoifanya ilikuwa ya haki kwa mkataba: tuseme taasisi inadai ilichokuwa nacho, chote, hata kama haikukitumia. Simu 30 na data yake.

Sauti ya simu moja, ikiachwa bila kubanwa, bado ni kbps 64. Kwa kawaida hukatwa kila milisekunde 20, ambayo ni baiti 160 za sauti (baiti moja ni biti 8). Juu yake huongezwa vichwa vitatu, yaani maelezo ya safari ya pakiti: baiti 12 za RTP, 8 za UDP, 20 za IP. Jumla baiti 200. Pakiti 50 kwa sekunde, kila moja baiti 200: kbps 80. Fremu ya Etheneti, ambayo ni bahasha ya nje ya pakiti, huongeza baiti 18, tukafika kbps 87.2. Ukihesabu pia utangulizi wa fremu na pengo la lazima kati ya fremu na fremu, baiti 20 nyingine, inakuwa kbps 95.2. Mtu yuleyule, salamu zilezile, ila mzigo umeongezeka kwa zaidi ya theluthi, na ongezeko lote ni karatasi za kufungia.

Simu 30 kwa kbps 87.2 ni Mbps 2.616. Data ya laini ya pili, ikitolewa kwenye E1 na kuvikwa fremu za Etheneti, inakaa karibu na Mbps 2.0. Jumla 4.6. Ukipima kwa kuhesabu utangulizi na mapengo, inafika karibu 4.9. Kwa maana hiyo E1 mbili za taasisi hii, zikihamishwa kama zilivyokuwa, hazitoshi kwenye Mbps 4. Aliyetaka kilekile cha zamani alipaswa kuagiza 5.

Hapo wenyeji wangu walifurahi, wakidhani kesi imekwisha. Ofisa ununuzi peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa. Nikawaomba tufungue kumbukumbu za swichibodi.

Kumbukumbu zilikataa. Katika saa zenye simu nyingi kuliko zote, simu zilizokwenda kwa wakati mmoja kati ya Kigoma na Dar hazikuzidi 11. Vipande vingine 19 vya E1 ya simu vilikuwa vikisafiri vitupu mwaka hadi mwaka, na vikilipiwa. Hilo si jambo la ajabu. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ambayo wahandisi wa simu wanaitumia hadi leo kukadiria laini ngapi zinatosha mzigo fulani. Kwa kanuni hiyo, simu 100 za dakika tatu tatu ndani ya saa moja zinahitaji chaneli 11 ili katika kila majaribio 100 lisikwame zaidi ya moja. Ofisi hii haikuwahi kuhitaji 30. Ilinunua 30 kwa sababu E1 huuzwa nzima.

Simu 11 kwa kbps 87.2 ni Mbps 0.96. Ongeza data ya 2.0. Jumla haifiki hata Mbps 3. Mbps 4 zilikuwa zinatosha, tena kwa nafasi.

Basi kama mzigo ulitosha, kwa nini simu zilikatika?

Dar hawakulalamika

Kulikuwa na jambo dogo ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Watu wa Kigoma walilalamika kwamba hawasikii Dar. Niliuliza makao makuu: je, nanyi hamsikii Kigoma? Wakasema Kigoma inasikika vizuri kabisa, ila wale ndugu wanasema "haloo, haloo" mno.

Laini ya kwenda na laini ya kurudi ni njia mbili. Iliyoziba ilikuwa moja tu, ya kutoka Dar kuja Kigoma. Ni nini kinachotoka Dar kuja Kigoma Jumatatu saa 2 asubuhi, kisha kinaisha saa 4? Kompyuta za ofisi huzimwa mwishoni mwa wiki. Jumatatu zinawashwa zote kwa pamoja, za mjini, za Kasulu, za Uvinza, na kila moja inaiomba seva ya makao makuu masasisho ya programu na ya kinga ya virusi. Mafaili makubwa, kompyuta nyingi, wakati mmoja.

Nilipowaeleza hivyo, dada mmoja wa kaunta alicheka. Zamani pia Jumatatu mfumo ulikuwa mzito, akasema, wateja wanajua, wanakuja saa 5. Kweli. Kwenye E1 ya data masasisho yalijaza laini vilevile, lakini yaliishia humo. Ukuta kati ya data na simu ulikuwa laini yenyewe. Ulipojumlisha 2 na 2 ukapata 4, ukuta ulibomoka, na jumla ile haina mahali pa kuuonyesha.

Sasa tuipime foleni. Fremu kubwa ya Etheneti ina baiti 1,518, yaani biti 12,144. Kwenye Mbps 4 inachukua milisekunde 3 na kidogo kupita. Pakiti ya sauti ikifika kwenye ruta ya Dar ikakuta fremu 50 za masasisho mbele yake, inasubiri milisekunde 152. Ikifika inayofuata ikakuta fremu 10, inasubiri 30. Pakiti za sauti zinapaswa kufika kila baada ya milisekunde 20 kwa mwendo usiobadilika. Zikifika kwa mwendo wa mlevi, simu inazitupa zilizochelewa, na silabi imekwenda. Pendekezo la G.114 la shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, ni kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo mengi yaende bila taabu. Foleni ile peke yake imeshavuka.

Umbali hauna kosa hapa. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ni kama kilomita 1,250, na mwanga ndani ya faiba huchukua kama maikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Hiyo ni milisekunde 6. Hata faiba izunguke mara mbili ya umbali huo, bado ni 12 au 13. Kwenye E1 hicho ndicho kilikuwa karibu ucheleweshaji wote, na ulikuwa uleule Jumatatu na Jumapili.

Kipimo cha mtoa huduma hakikuweza kuliona hili kwa sababu alichomoa ruta ya ofisi kabla ya kupima. Alipima njia tupu. Grafu zake za mwezi nazo zilionyesha wastani wa kila dakika tano, na ndani ya dakika tano sauti inaweza kufa na kufufuka mara nyingi bila mstari wa grafu kutikisika. Simlaumu, alipima alichoulizwa. Aliulizwa kama Mbps 4 zipo.

Kilichofanyika

Dawa haikuwa kununua kasi zaidi. Hili niliwaambia mapema, maana mtu wa mauzo alikuwa tayari amefungua kitabu cha bei. Masasisho yangejaza Mbps 8 kama yalivyojaza 4. Yangemaliza mapema tu, na simu zingeumia kwa saa moja badala ya mbili.

Pakiti za sauti ziliwekewa alama, na ruta ikaagizwa kuzipitisha mbele ya zote. Hiyo ni sehemu nyepesi. Sehemu ambayo mafundi wengi huiacha ni kwamba ruta haiwezi kupanga foleni isiyokuwa kwake. Ruta ya ofisi imeunganishwa na kifaa cha mtoa huduma kwa kebo ya Mbps 100. Inamwaga pakiti haraka, yenyewe haioni foleni yoyote, na foleni inajengeka ndani ya kifaa cha mtoa huduma, ambacho hakijali alama zako kama mkataba hausemi. Kwa hiyo ruta iliwekewa kikomo cha Mbps 3.8, chini kidogo ya kilichonunuliwa, ili msongamano utokee ndani yake, pale ambapo alama zina nguvu. Unapoteza kbps 200, unapata mamlaka juu ya foleni.

Na yote hayo yalifanyika Dar. Taasisi ilikuwa imeshapanga kubadilisha ruta ya Kigoma, kwa kuwa Kigoma ndiko kelele zilikotoka. Lakini njia iliyoziba inaanzia makao makuu, na foleni hupangwa pale pakiti zinapoingilia njiani. Ruta ya Kigoma iliwekewa mpangilio uleule kwa ajili ya bakapu ya usiku, ambayo huenda upande wa pili.

Mwisho, swichibodi iliwekewa kikomo cha simu 12 kwa wakati mmoja, jumla Mbps 1.046. Simu ya 13 inapata mlio wa "laini zina shughuli", kama ambavyo simu ya 31 ingepata kwenye E1. Wapo walioona huko ni kurudi nyuma. Mimi naona ni bora mtu mmoja aambiwe asubiri kuliko watu 13 wasisikilizane.

Kuibana sauti tulikufikiria, tukakuacha. Kwa kodeki ya G.729, njia mojawapo ya kubana sauti, simu moja ni kbps 8 za sauti, 24 ikishavikwa vichwa vya IP, 31.2 kwenye Etheneti. Simu 30 zingekaa kwenye kbps 936. Lakini Uvinza bado wana mashine ya faksi inayofanya kazi kila siku kupitia swichibodi hiyohiyo, na milio ya faksi haipiti salama ndani ya G.729, ambayo ilitengenezwa kubana sauti ya mtu. Kwa simu 12 hapakuwa na sababu ya kuhangaika.

Swali la bodi: Mbps 10 ni E1 ngapi?

Kisa kingeishia hapo kama si bajeti. Bakapu ya usiku ilikuwa imekua, na taasisi ilitaka kupanda hadi Mbps 10. Fomu ya kuombea fedha kwa bodi, iliyoandikwa zama za E1, ina safu moja tu ya mawasiliano: "idadi ya E1". Ikabidi Mbps 10 ziandikwe kwa kipimo hicho. Ndani ya siku moja nilionyeshwa majibu matatu.

La kwanza lilikuwa 6.48, likapandishwa kuwa 7. Kijana wa TEHAMA alilipata kwenye kikokotoo cha mtandaoni. Kikokotoo hakikukosea, kiligawanya kwa 1.544, kasi ya T1, laini ya Marekani. Kampuni ya Bell iliianzisha mwaka 1962: chaneli 24 za kbps 64 na biti moja ya kulinganishia kwa kila fremu, biti 193 mara 8,000. Ulaya ilichagua chaneli 32, na Tanzania, kama sehemu kubwa ya dunia nje ya Marekani na Japani, ikafuata mfumo wa Ulaya. T1 haijawahi kukodishwa kwa ofisi hii. Vikokotoo vingi vimejaa majina ya Marekani, na mtu asipojua ataona herufi moja na namba moja akadhani ni kitu kilekile.

La pili lilikuwa 4.88, yaani 10 gawanya kwa 2.048, likapandishwa kuwa 5. La tatu lilikuwa langu, na lilikuwa la kuudhi: inategemea.

Kwa bei, 5 ni sawa. E1 ilitozwa nzima, na tano zake zinapiga 10.24. Kwa data inayomfikia mteja, gawanya kwa 1.984: jibu ni 5.04. E1 tano zinatoa Mbps 9.92 tu. Anayetaka Mbps 10 kamili za mzigo kwenye mfumo wa zamani angelazimika kukodi ya sita, kwa ajili ya kbps 80 zilizopungua. Hakuna mwenye akili angefanya hivyo, lakini nimeona zabuni zilizotupwa nje kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kwa simu, hesabu inageuka kabisa. Mbps 10 kwa kbps 87.2 ni simu 114. E1 tano zingebeba simu 150. Kwa kazi ya simu zisizobanwa, basi, Mbps 10 za Etheneti hazifiki hata E1 nne, ni 3.8. Ukibana kwa G.729, Mbps 10 hizohizo zinabeba simu 320, ambazo ni zaidi ya E1 kumi. Laini moja, kasi moja, na jibu linatembea kutoka chini ya nne hadi juu ya kumi, kutegemea kinachopita ndani.

Mtu wa mauzo, aliyekuwa na haraka ya kufunga biashara, alichangia kwa kusema njia yao ya kuja Kigoma ni STM-1 za kutosha, yaani laini kuu zinazokusanya E1 nyingi, kila moja Mbps 155, "hizo ni E1 75". Gawanya 155.52 kwa 2.048 nawe utapata 75.9, kwa hiyo hakuitunga. Lakini STM-1 hubeba E1 63. Kila E1 huwekwa ndani ya kontena lenye nafasi ya ziada, ili saa ya mteja ikikimbia au ikichelewa kidogo biti zisimwagike. Likipangwa tayari kusafiri linachukua Mbps 2.304. Juu ya makontena kuna vichwa vya njia na vya usimamizi. Ngazi za zamani zaidi zilikuwa hivyo pia: E3 ni Mbps 34.368 na hubeba E1 16, ambazo ukizijumlisha ni 32.768. Katika ngazi hizi kugawanya kasi kwa kasi hukupa namba kubwa kuliko ukweli kila mara, kwa hiyo idadi huisoma kwenye jedwali la kiwango.

Bakapu, iliyozua yote haya, ilikuwa na mkanganyiko wake. Skrini ya kompyuta ilionyesha faili la "GB 4" likinakiliwa kwa "KB 230 kwa sekunde" enzi za E1, na meneja aliamini kwamba kati ya Mbps 2 alizolipia alikuwa akipewa robo ya moja. Alikuwa akipewa karibu zote. Baiti ni biti 8: 1.984 gawanya kwa 8 ni megabaiti 0.248 kwa sekunde. Toa vichwa vya pakiti, kumbuka kwamba kompyuta nyingi huhesabu kilo kwa 1,024 badala ya 1,000, na utaikuta hiyo 230 na ushei. Faili la baiti bilioni 4 lilihitaji kama saa 4 na dakika 38 kwenye E1 ile. Ikiwa "GB 4" ya skrini ni ile ya kuhesabu kwa 1,024, ni baiti bilioni 4.29, na hapo zinaongezeka dakika 20. Kwenye Mbps 10 za Etheneti, ambapo kati ya kila baiti 1,538 zinazopita waya 1,460 ni za faili lenyewe, baiti bilioni 4 zinapita kwa dakika 56 au 57.

Wazee wa tawi walikumbuka pia kwamba kabla ya faiba ofisi iliwahi kuwa na laini ya data ya setilaiti, nayo "Mbps 2", na bakapu ndogo zaidi ilikesha. Nawaamini. Mawimbi yakienda na kurudi angani huchukua karibu milisekunde 600, na kompyuta ya zamani inayotuma baiti 65,535 kisha ikasubiri jibu haiwezi kuvuka Mbps 0.87 hata laini iwe pana kiasi gani.

Mwishowe fomu ya bodi iliandikwa 5 kwenye safu ya "idadi ya E1", kwa kuwa safu hiyo iko hapo kwa ajili ya bei. Chini yake mama mhasibu aliongeza mistari kwa mkono wake, na ndiyo iliyoingia kwenye mkataba mpya: Mbps 10 kwenda na 10 kurudi, zikipimwa kwenye fremu; ndani yake Mbps 1.05 za daraja la sauti, zinazotangulizwa kwenye mtandao wa mtoa huduma na si kwenye ruta ya mteja pekee. Simu 12 zisizobanwa. Na kipimo cha makabidhiano kifanyike Jumatatu saa 2 na nusu asubuhi, ruta ya ofisi ikiwa imechomekwa.

Mtoa huduma aliomba kipimo kiwe Jumamosi. Alikataliwa.